Gari Lisilopiga Honi

Wadogo zangu, mtakutana humu na herufi zilizolala na nyingine zilizosimama, na pengine neno limepoteza kipande chake njiani. Mnisamehe. Mkono wangu umezoea kupokea nauli na kufunga mlango, haujazoea kalamu. Niliishia darasa la saba, na mstari mmoja unanichukua muda ambao mama anamenya ndizi za nyumba nzima. Lakini nina jambo, na nisipoliandika nitapasuka kama dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Habari ya dumu itakuja mbele.

Nimestaafu ukonda. Najua mtacheka, maana hata ndevu hazijanijaa. Lakini begi la nauli nimeshamkabidhi mwingine, kwa hiyo nami nina haki ya kusema "zamani zetu". Nawaandikia ninyi mnaomaliza shule Ihembe na Rugera, ambao kila jioni mnakuja kituoni kuniuliza kazi hii ikoje. Mbele ya watu wengi mdomo wangu unakauka. Karatasi haina macho, kwa hiyo hapa naweza kusema.

Mjue kwanza kwamba mimi nilikuwa konda nisiyeweza kupiga kelele. Ni kama mchinjaji anayeogopa damu. Wenzangu walikuwa wakiita abiria mpaka mbuzi wanageuka kutazama, mimi nikifungua mdomo inatoka sauti ya mtu anayeomba maji hospitalini. Sasa niliingiaje kazini? Niliingia kwa kukaa.

Kituo chetu kilikuwa na mpiga debe mkuu, Ta Dominiko. "Ta" ni baba, ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume. Alikuwa anatafuna tangawizi mbichi kutwa nzima ili koo lisikauke. Siku moja alinikuta nimeegemea ukuta wa duka.

"Wewe kijana, unajua kukaa?"

"Najua."

"Bila kusema neno?"

Nikanyamaza.

"Huyu huyu!" akasema, akanishika mkono akaniingiza ndani ya haisi tupu.

Wakati huo gari liliondoka likijaa tu, na hakuna mtu anayependa kuingia kwenye gari tupu. Kwa hiyo kituo kilikuwa na abiria wa uongo. Ta Dominiko alituita mbegu, kwa sababu alisema abiria huota palipo na abiria. Unapewa begi lililojazwa majani makavu ya mgomba, unalipakata, unatazama barabara kama mtu anayechelewa. Abiria wa kweli akiingia, mbegu mmoja anashuka: "Naenda kununua maji." Harudi. Akiingia mwingine, mbegu mwingine anashikwa na kiu. Mama mmoja aliwahi kutuuliza, "Hivi maji ya kituo hiki mnayafuata Uganda?"

Nilikuwa mbegu bora kuliko wote. Nikapandishwa cheo, nikawa konda wa haisi ya Mama Koku.

Mama Koku ni mfanyabiashara aliyetoka Muleba, anauza mabati na misumari kwa jumla. Dereva wake ni Kaka Deusi, mtu wa Ihembe kama mimi, ameoa hapo hapo, mlima wa pili. Yeye ndiye aliyenifundisha mzigo. Nawapa bure: mkungu wa ndizi ulaze kikonyo kielekee nyuma, usije ukamchoma mtu gari likishika breki. Kahawa usiiweke karibu na mafuta ya taa, inanyonya harufu na mnunuzi ataikataa. Mwanamke mwenye chupa ya chai na khanga iliyokunjwa anakwenda kumwona mgonjwa, usimchangamkie sana. Msaidie kikapu, mwachie kiti cha karibu na mlango.

Sasa niwaambie kwa nini tulibadilika.

Dada yangu Anitha alijifungua mtoto, Amani, nyayo zake zimegeukia ndani. Pale hospitali ya Nyakahanga, huko gari letu linakoshusha, akaambiwa zinaweza kunyooka, ila mtoto apelekwe kila Jumatano asubuhi. Wanaunyoosha mguu kidogo, wanaufunga plasta, wiki ijayo wanafungua, wananyoosha tena kidogo. Wiki ukiikosa, mguu unaanza kurudi ulikotoka. Anitha aliniambia, "Ni kama kuvuta mbuzi mkaidi. Ukilegeza kamba tu, anarudi shambani."

Basi Anitha alikuwa anafika kituoni jua linachomoza. Anaingia, anakaa na mbegu.

"Projesti, mnaondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi," nilijibu, kwa sababu hilo ndilo jibu la konda popote duniani.

"Sasa hivi yako ina umri kuliko mtoto wangu."

Siku hiyo alifika kliniki imekwisha. Wiki iliyofuata akapanda bodaboda. Mvua ikawakuta njiani, plasta ikalowa ikalainika kama ugali wa jana. Wiki mbili zikapotea, na miguu ikaanza kurudi. Michomoko, yale magari madogo yanayobeba watu mpaka kwenye buti, hayakuwa na nafuu. Nayo yalisubiri kujaa.

Jioni moja tukiosha magurudumu nilimwambia Deusi, "Kaka, tukiondoka saa moja kamili kila siku, tumejaa hatujajaa, watu watajua. Wakijua, hakuna haja ya kuwaita."

Deusi alinitazama, akaanza kucheka mpaka akamwaga ndoo. "Kumbe unatafuta njia ya kunyamaza!"

Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa miguu ya Amani, na hiyo aliijua. Tukampelekea Mama Koku hoja. Alijikuna kichwa kwa funguo za duka.

"Gari kuondoka tupu? Nyie mmelogwa na nani?"

"Tujaribu tu, mama."

"Haya. Mpaka senene waanze. Senene wakianguka na gari bado linatembea na upepo, nalipeleka Bukoba likafanye kazi na watu wenye akili."

Senene ni wale panzi wetu wa kula, huanguka msimu wa mvua. Na kama hamjaelewa uzito wake: haisi ile ikienda Bukoba, barabara yetu inabaki na bodaboda na michomoko. Na Anitha anabaki na mvua.

Siku ya kwanza tulifanya kosa ambalo sidhani kama lingefanyika nje ya migomba yetu. Ilipofika saa moja Deusi akapiga honi ndefu, ya heshima, tukaondoka na Anitha, mwalimu mmoja na mkungu wa ndizi. Hatujafika mbali, nyuma watu wanatukimbilia. Mmoja ana povu la sabuni sikioni.

"Mbona mnaondoka? Si honi ndiyo kwanza imelia?"

Ndipo nikaelewa. Huku kwetu nyumba zimefichwa ndani ya migomba, huoni barabara, unasikia tu. Na kwa miaka yote honi ya kwanza ilimaanisha teka maji ya kuoga. Ya pili, vaa. Ya tatu, kunywa uji. Ya nne, agana na jirani, na jirani haagwi kwa neno moja. Sisi tulidhani tunawaambia tunaondoka, kumbe tunawaambia waoge!

Tukaamua: kituoni hakuna honi. Honi ni ya ng'ombe barabarani basi. Saa ikifika, gari linaondoka kimya kama paka. Watu wakatuita gari bubu. "Konda bubu, gari bubu, na dereva naye ana wazimu." Ta Dominiko alihuzunika kabisa. Alisimama pembeni na tangawizi yake, akasema, "Mnaniua nikiwa hai."

Gari likawa linaondoka na watu watatu, wanne. Watu walikuwa hawaamini. Walisema, "Leo wameondoka saa moja, kesho watachoka." Nami niliona mawingu ya msimu wa senene yanaanza kukusanyika.

Mpaka ilipofika Jumatano moja.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Anitha amekaa nyuma ya dereva, Amani mapajani, plasta zimevishwa mifuko ya nailoni. Saa ikafika. Nimeshika mlango. Nikaona mwavuli mweusi unashuka njia ya migombani, taratibu, taratibu. Chini ya mwavuli ni Ma Paskazia.

Deusi alimwona kwenye kioo. Akazama kitini mpaka ikabaki kofia.

"Projesti," akanong'ona, "yule ni mkwe."

"Namwona."

"Mama wa mke wangu."

"Namjua, kaka. Si nilibeba sinia kwenye harusi yako?"

Ninyi mnajua desturi. Mwanamume akimwona mama mkwe njiani huingia migombani akasubiri apite. Hamtazami machoni, hali naye, hakai naye kiti kimoja. Sasa kumwacha kituoni amenyoosha mkono, na barabara yote inaona? Hilo halikuwa na hata jina.

Ndani ya gari wakaanza.

"Dereva, saa imefika!"

"Mwacheni. Mkwe ni mkwe."

"Mkwe wake si mkwe wetu! Sisi tumeoga gizani."

"Wewe umeoga?"

Watu wakacheka. Anitha hakucheka. Alivuta khanga akaifunika miguu ya mtoto, akatazama mbele. Ma Paskazia naye alisimama kumsalimia jirani, mwavuli ukasimama naye. Nikajua tukimsubiri huyu leo, kesho kila mtu atakuwa mkwe wa mtu. Hakutakuwa na saa moja tena.

Nikapiga bodi kwa kiganja, nikamwita dereva kwa jina letu la kazini. "Suka, twende!"

Jamani, sauti ile sijui ilikuwa imewekwa wapi miaka yote. Mbuzi waligeuka. Ta Dominiko akatema tangawizi. Na konda akisema twende, mguu wa dereva haumwulizi dereva. Gari likaondoka.

Njiani Deusi alikuwa anafuta jasho. "Umeniua. Leo nitalala wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumba ipi? Ile yenye binti yake?"

Tulifika Nyakahanga kliniki ndiyo inafunguliwa. Anitha akawa wa kwanza kwenye benchi.

Sasa sikieni Ma Paskazia alifanya nini. Alikwenda jumuiya, akasema. Akaenda kisimani, akasema. Akaenda msibani, akasubiri watu wamalize kulia, akasema. "Wameniacha! Gari analoendesha mkwe wangu mwenyewe limeniacha nimenyoosha mkono!" Kila aliyesikia alimpa pole, akatikisa kichwa, kisha akarudi kwake akawaambia watoto: kesho tuamke mapema. Kama limemwacha mkwe wa dereva, mimi litanijulia wapi?

Kesho yake baraza la duka pale kituoni lilijaa watu saa moja haijafika. Wamesimama na mikungu, vikapu, watoto wa chanjo, wanafunzi. Tangu kituo kianze hakuna mpiga debe aliyejaza gari kama Ma Paskazia kwa kutulaani.

Lakini Deusi alikuwa hapati usingizi. Ikabidi apeleke radhi, na radhi haipelekwi na mwenye kosa. Akamtuma Ta Dominiko na dumu la rubisi mbichi. Ta Dominiko, mtu wa maneno si wa mizigo, akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote, akalipakata dumu ndani ya gari. Pombe ya ndizi ikiwa changa inapumua. Barabara yetu nayo inatikisa. Tulipovuka lile daraja la magogo, dumu likasema "Pu!" Mzee alilowa kutoka kofia mpaka viatu, na nyuki wakatufuata.

Kwa hiyo somo: kifuniko cha rubisi kilegeze, na dumu usilipakate.

Ma Paskazia alimpokea mlangoni, akanusa. "Yaani mnaniletea mjumbe aliyelewa?"

"Mama, si mdomoni, ni nguoni."

"Kamwambieni huyo dereva sitaki pombe yake. Nataka Jumapili gari lipite, liwahi misa ya kwanza. Na lisimsubiri mtu, hata katekista."

Tukaongeza Jumapili. Na kuanzia wiki hiyo mtu wa kwanza kufika barazani akawa Ma Paskazia mwenyewe. Anakaa kiti cha mwisho kabisa, uso dirishani. Hasemi na Deusi, Deusi hasemi naye, ila kila kitu kinapita kwangu, na wote wako ndani ya gari moja.

"Projesti, mwambie dereva kuna shimo mbele."

"Kaka, kuna shimo mbele."

"Projesti, mwambie mama nimeliona."

"Ma, ameliona."

"Mwambie jana hakuliona."

Abiria walikuwa wanakuja mapema ili wasikose hayo.

Bodaboda nao mwanzoni walitununia. Walisema tunawaziba midomo. Anitha ndiye aliyewafungua macho, alimwuliza mmoja, "Nani atanishusha kutoka mlimani mpaka barazani?" Sasa wanapanga foleni juu milimani alfajiri, wanashusha watu, wanarudi kushusha wengine. Safari fupi, tope kidogo, mtoto halowi.

Basi senene wakaanza. Niliwaona watoto wanapita nao kwenye chupa, nikaacha kula. Mama Koku akaja kweli, amevaa kitenge kipya, funguo mkononi. Akatazama baraza lililojaa. Nilidhani atafurahi.

Akanivuta pembeni. "Projesti, mimi biashara ya magari naijua. Hawa ni mbegu."

"Mama, si mbegu."

"Mbegu! Mmewapanga kwa sababu mmesikia nakuja. Saa hizi watu wote hawa wanatoka wapi? Leo likishusha Nyakahanga, linaenda moja kwa moja Bukoba."

Nikafungua mdomo nimbishie. Ndiyo ile sauti ya zamani, ilirudi. Mama Koku akavuka barabara kwenda kwa muuza ndizi, akaanza kubonyeza mkungu mmoja mmoja, jicho moja kwetu. Alikuwa anasubiri waone kiu, washuke mmoja mmoja kwenda kununua maji.

Hakuna aliyeshuka. Saa ikafika.

Kutoka kiti cha mwisho: "Projesti, mwambie dereva saa imefika."

"Ma, mwenye gari bado ananunua ndizi."

"Gari lina mwenyewe. Saa haina mwenyewe."

Deusi akaniuliza, bila kugeuka, "Mkwe amesema nini?"

"Amesema twende."

Deusi alimtazama Mama Koku ng'ambo ya barabara. Akatazama kioo cha nyuma, upesi, akainamisha macho. "Mimi siwezi kumkosea mkwe mara mbili," akasema, na akatia gia.

Nilimwona Mama Koku anainua mkungu juu kama mtu anayesimamisha treni. Nikafunga mlango.

Safari ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Mimi na Deusi tulikuwa watu wasio na kazi, tunaendesha gari la mtu. Tulipofika Nyakahanga abiria wakashuka kama kawaida: huyu hospitali, huyu sokoni, huyu na mkungu begani. Wa mwisho kushuka ni Anitha, na Ma Paskazia amembebea mfuko. Bodaboda ikaingia nyuma yetu, vumbi tupu, Mama Koku amekumbatia mkungu katikati yake na dereva.

Alishuka. Akasimama, akawatazama watu wake wa uongo wanavyotawanyika, kila mmoja na shida yake. Akamtazama Anitha anavyopanda ngazi na mtoto. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimegeuka rangi ya barabara.

"Nimeachwa," akasema polepole. "Na gari langu mwenyewe."

Deusi akavua kofia. Nami nikavua, ingawa sikuwa na kofia. Nilishika kichwa tu.

"Mbegu wangenisubiri," akasema Mama Koku. "Mbegu hawawezi kumwacha mwenye shamba." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akauweka mkungu chini na kuukalia.

Gari halikwenda Bukoba.

Na jambo lililotaka kunipasua ni hili, wadogo zangu. Mama Koku ameleta gari la pili! Litatoka Omurushaka kwenda Nkwenda, kule Kyerwa, na litakutana na letu hapo hapo Omurushaka. Mtu wa Ihembe atashuka hili, atapanda lile, bila kulala njiani kwa sababu gari halijajaa. Hili likifika, lile linawasha. Deusi anabaki na la zamani, maana abiria wa kiti cha mwisho hataki dereva mwingine. La pili nimepewa mimi. Leseni ninayo. Kiti cha dereva nimeshakirekebisha mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Ta Dominiko naye hakufa. Ndiye atakayesimama Omurushaka kuwaambia watu gari lipi linaelekea wapi. Anasema tangawizi ya kule ni kali zaidi.

Amani sasa anavaa viatu vyake maalumu. Juzi alisimama mwenyewe ameshika bodi ya gari, nyayo zote mbili zimetazama mbele, Ma Paskazia akaniambia nimwambie dereva asiwashe mpaka mtoto akae. Saa ilikuwa haijafika, kwa hiyo tulimtii.

Sasa naomba mniandikie. Msiniulize tena ukonda ukoje, nimeshasema. Ninyi wa Rugera, na ninyi mlio na ndugu Nkwenda, niambieni mnatakiwa kufika wapi, na mtu wenu anakosa nini akichelewa. Msiniambie saa ya kutoka nyumbani. Niambieni saa ya kufika, mimi nitahesabu kurudi nyuma mpaka mlangoni kwenu. Ndivyo saa moja yetu ilivyopatikana, tuliianzia kwenye benchi la kliniki. Karatasi mpeni yeyote anayesimama barazani asubuhi. Andikeni kwa herufi kubwa. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini gari mtalikuta limefika.